Kompyuta kuukuu: Tuitibu au tuizike?

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Sidhani kama kuna mahali ambapo methali hiyo hutimia siku hizi kuliko katika maduka ya kompyuta ya jijini Nakuru, hasa wakati ambapo vijana waliomaliza Kidato cha Nne wanasubiri kujiunga na vyuo. Wazazi wao hukabiliwa na swali ambalo aghalabu hawana jibu lake: Je, ile kompyuta ya zamani iliyoko nyumbani iongezewe vipuri, au iwekwe kando na kununuliwa nyingine?

Swali hili lilinifikia mimi binafsi. Dada yangu ni mkulima wa viazi kule Njoro, na mwanawe alimaliza shule ya upili mwaka 2025. Baada ya kuuza mavuno, dada alitenga Sh25,000 akanikabidhi. Aliniambia kwamba maadamu mimi ni mwalimu wa hisabati, na ndiye mjomba, niamue zitumiwe vipi. Kijana alitaka kadi mpya ya grafiki, yaani kile kipuri kinachochora picha kwenye kiwambo, ili michezo yake iende kwa kasi. Mamake hakutaka hata shilingi moja iingie ndani ya “mashine ya kuchezea mpira”; alitaka fedha zote ziwe akiba ya chuo. Naye muuzaji mmoja mjini, ambaye hakuigusa mashine hiyo hata kwa bisibisi, alishauri itupwe yote, akapendekeza nyingine ambayo bei yake ilikuwa zaidi ya maradufu ya fedha tulizokuwa nazo.

Mashauri hayo matatu yalitofautiana, lakini yalikuwa na kasoro moja. Kila mmoja alitaja dawa kabla ya kuujua ugonjwa. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba uamuzi wa kuongeza vipuri au kununua upya hauanzii mfukoni. Huanzia katika uchunguzi, na uchunguzi wenyewe hauhitaji fedha nyingi. Unahitaji subira, hesabu za darasa la kawaida na macho yanayotazama.

Mashine yenyewe si ngeni kwa wasomaji wengi. Ni kompyuta ya ofisini iliyotumika ng'ambo, kisha ikaletwa kuuzwa hapa kwetu. Ina prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha nne, aina iliyotoka mwaka 2013. Kumbukumbu, ile mafundi wanayoiita RAM, ya gigabaiti 8. Na diski ya mtindo wa kale inayozunguka. Kijana aliipachika kadi ya GTX 1050 Ti, iliyozinduliwa na kampuni ya NVIDIA mwaka 2016, akaigeuza kuwa mashine ya michezo. Ilimtumikia vyema kwa miaka mitatu. Hatimaye ikawa inachukua takriban dakika tatu kuamka, na kila mchezo ulianza vizuri lakini baada ya dakika kumi hivi picha zikaanza kukwama.

Tuanze na huko kuchelewa kuamka. Mwaka 1967 mhandisi wa Marekani, Gene Amdahl, alieleza kanuni ambayo kila mwanafunzi angefaa kuijua: ukiharakisha sehemu moja tu ya kazi, huwezi kuokoa muda unaozidi ule uliokuwa ukitumika katika sehemu hiyo. Tuseme kazi fulani inachukua sekunde 180, na 150 kati ya hizo ni za kuisubiri diski. Hata ukinunua kadi ya grafiki yenye kasi mara kumi, zile sekunde 150 zitabaki pale pale.

Na kwa nini diski ya kale isubiriwe hivyo? Hesabu ni rahisi. Diski hiyo huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Mzunguko mmoja basi huchukua milisekunde 8 na kidogo. Kwa wastani, ili kipande cha data kifike chini ya kichwa cha kusomea, lazima diski izunguke nusu ya mzunguko, yaani milisekunde 4 hivi, kabla hatujahesabu muda wa kichwa chenyewe kusogea. Tuseme kompyuta inapoamka husoma vipande vidogo 10,000 vilivyotawanyika. Zidisha, nawe utapata sekunde 40 za kungoja tu, bila ya kazi yoyote kufanyika. Diski ya kisasa isiyozunguka, yaani SSD, haina kichwa wala mzunguko; hukifikia kipande kama hicho kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Ugonjwa wa kwanza ulikuwa umefichuka, nao haukuhusiana kabisa na kadi aliyoidai kijana.

Ugonjwa wa pili ulijidhihirisha kwa ile dakika ya kumi. Nilimwuliza mpwa wangu swali moja: “Kadi ikiwa dhaifu, itakuwa dhaifu kuanzia lini?”

Akafikiri, akajibu, “Tangu mwanzo, Mjomba.”

Naam. Kadi dhaifu haingojei dakika ya kumi. Kinachongoja dakika ya kumi ni joto. Prosesa inapokaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na mchezaji huona picha zikikwama-kwama. Ziko programu za bure za kupima joto hilo, nasi tuliitazama namba ikipanda hadi ikapita 95.

Hapa ndipo jiografia yetu inapoingia. Wenyeji wengi husimulia kwamba jina Nakuru lina asili ya Kimaasai, na kwamba maana yake ni mahali pa vumbi. Yeyote aliyeishi hapa miezi ya Januari na Februari hahitaji ushahidi mwingine. Udongo wetu uliotokana na majivu ya volkano ni mwembamba na mwepesi, nao huingia kila penye tundu. Fauka ya hayo, jiji letu limeinuka takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya kimo hicho ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 15 ikilinganishwa na ya Mombasa. Feni ikizunguka kwa kasi ile ile, hubeba joto kidogo zaidi hapa kuliko pwani. Kompyuta iliyobuniwa kukaa katika ofisi safi ya Ulaya, ikawekwa sakafuni katika nyumba ya Njoro, hujaa vumbi kabla mwenyewe hajatambua.

Tulipoifungua, mapezi ya kipoza joto yalikuwa yamezibwa na tandiko la vumbi mithili ya blanketi. Nayo ile grisi inayopitisha joto kutoka kwa prosesa ilikuwa imekauka ikawa kama chokaa. Tuliondoa vumbi kwa brashi laini, umeme ukiwa umekatwa, tukaishika feni kwa kidole isizunguke ovyo, tukapaka grisi mpya kiasi cha punje ya harage dogo. Joto lilishuka kwa nyuzi zaidi ya 20, na dakika ya kumi ikawa sawa na ya kwanza.

Lakini sitaki msomaji adhani kwamba kijana hakuwa na hoja. Kadi ya mwaka 2016 ina mipaka yake, na NVIDIA yenyewe ilitangaza mwaka 2025 kwamba inakoma kuiboresha aina hiyo kwa ajili ya michezo mipya. Basi tukaipima pia. Kipimo chake ni hiki: punguza ukubwa wa picha katika mchezo, mathalani kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Picha kwa sekunde zikiongezeka sana, kadi ndiyo iliyokuwa ikilemewa. Zikibaki vile vile, anayelemewa ni prosesa. Katika mchezo wake wa kandanda, namba ilisogea kidogo mno. Kadi ilikuwa ikiisubiri prosesa, kama mwashi hodari anayesubiri matofali.

Isitoshe, kadi huja na madai yake. Ile ya GTX 1050 Ti hupata umeme wake kupitia tundu la madabodi, ambalo hutoa wati 75 tu, na ndiyo maana inafaa sana katika kompyuta za ofisini. Kadi iliyoifuata baadaye kama RTX 3060 hutumia wati 170, na hushauriwa ipewe pawasaplai ya wati 550. Kompyuta nyingi za ofisini zina pawasaplai isiyofika 300, tena ya umbo na plagi za kampuni iliyoitengeneza, ambazo hazibadilishwi kwa urahisi na za dukani. Kadi ingedai pawasaplai. Pawasaplai ingedai sanduku na madabodi nyingine. Madabodi mpya ingedai prosesa mpya na kumbukumbu ya aina nyingine, kwa maana kumbukumbu ya DDR3 haiingii katika tundu la DDR4 wala la DDR5. Mtu aliyetoka nyumbani kununua kipuri kimoja angejikuta akinunua kompyuta nzima kwa awamu, na kwa bei iliyo ghali kuliko ya kununua mara moja.

Nalo soko halikuwa upande wetu. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya kumbukumbu mpya ilipanda mno duniani kote, kwa sababu viwanda vilielekeza uzalishaji wao kwa vituo vikubwa vya akili bandia, ambako faida ni nono. Mwezi wa Desemba 2025 kampuni ya Micron ya Marekani ilitangaza kwamba inaachana na Crucial, chapa yake ya siku nyingi iliyouzia watu wa kawaida. Mkulima wa Njoro hakuulizwa lolote katika maamuzi hayo, lakini bei humfikia.

Liko jambo la tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote. Katika miaka ya 1990 kompyuta ilizeeka kwa kushindwa kazi. Gordon Moore alikuwa ametabiri mwaka 1965 kwamba sehemu ndogo ndogo katika vipande vya silikoni zingeongezeka maradufu kila mwaka, na mwaka 1975 akarekebisha iwe kila miaka miwili. Aliyenunua kompyuta ya aina ya 486 mwaka 1992 alishuhudia mchezo kama Quake, uliotoka mwaka 1996 ukitegemea nguvu za Pentium, ukimwacha nyuma kabisa. Siku hizi ni kinyume. Mashine ya mwaka 2013 ingali inaandika insha, inachora grafu na kuonyesha filamu bila taabu. Huzeeka kwa kuachwa.

Kampuni ya Microsoft ilikoma kuitegemeza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mpango wa ziada wa kuwapa watu wa nyumbani marekebisho ya usalama uliwekewa kikomo cha Oktoba 2026. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, hudai kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel hudai kwa kawaida kizazi cha nane kwenda juu. Mashine ya mpwa wangu imefungiwa mlango, ingawa ina nguvu za kuingia. Hata baadhi ya michezo imeanza kusimama mlangoni humo: Valorant, kwa mfano, haufunguki katika Windows 11 bila ya TPM 2.0. Hakuna kadi ya grafiki, iwe ya bei gani, itakayoondoa kizuizi hicho.

Kwa nini nasema jambo hili ndilo zito? Kwa sababu kompyuta hii ya michezo ndiyo hiyo hiyo ambayo kijana ataitumia kuchagua kozi katika mtandao wa KUCCPS, kuomba mkopo wa masomo, na kuingia katika akaunti yake ya eCitizen. Juu yake mna michezo iliyonakiliwa kutoka kwa diski mweko za marafiki, ambayo kufuli zake zimevunjwa na watu tusiowajua. Mashine isiyopata tena marekebisho ya usalama, yenye programu za asili isiyojulikana, na inayohifadhi nywila za mkopo wa chuo, ni nyumba isiyo na kitasa. Wazazi huogopa kwamba mchezo utampotezea mtoto muda. Waogope zaidi kwamba utampotezea jina lake na fedha zake.

Basi tuliamua hivi. Tulinunua SSD, tukaongeza kumbukumbu ya DDR3 iliyokwisha tumika, ambayo ni rahisi kwa kuwa mashine mpya haziitaki, pamoja na grisi. Jumla ilikuwa Sh9,800. Diski mpya tuliigawa sehemu mbili. Katika ya kwanza tuliweka mfumo wa Linux aina ya Ubuntu, ambao hautozwi ada na ungali unapata marekebisho, uwe wa masomo na wa kila jambo linalohitaji nywila. Katika ya pili ilibaki Windows kwa ajili ya michezo, bila ya kuunganishwa na intaneti. Programu ya Proton, iliyotolewa na kampuni ya Valve mwaka 2018, huwezesha michezo mingi ya Windows kuchezwa ndani ya Linux, japo ile ya mtandaoni yenye ulinzi dhidi ya udanganyifu aghalabu hukataa. Kijana alinung'unika kwa kupoteza mechi zake za mtandaoni, na manung'uniko yake nayaheshimu. Aliyepoteza kitu ana haki ya kusema amekipoteza. Zile Sh15,200 zilizosalia zilirudi kwa mamake, ziwe msingi wa kipakatalishi cha chuo.

Kutokana na haya napendekeza kanuni nne kwa yeyote aliye katika njia panda kama hiyo. Kwanza, safisha na upime kabla ya kununua chochote. Pili, andika kikomo cha fedha kwenye karatasi kabla ya kuingia dukani, kwa maana muuzaji hawezi kukuwekea. Tatu, penda vipuri vitakavyohama nawe kwenda kwa mashine ijayo: SSD, kiwambo na kibodi huhama, prosesa ya tundu la kale haihami, itazikwa na mashine yake. Nne, vipuri vikizidi nusu ya bei ya kompyuta nyingine iliyo bora na inayokubali mfumo wa kisasa, acha kutibu. Kuna maradhi ya kuuguzwa na kuna ya kukubali.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya maskini, na kwamba anayeweza kununua kipya anunue. Nawajibu kwa kuwakumbusha mahali ambapo vya zamani huenda. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilionyesha kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na kwamba ni asilimia 22.3 tu zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Hapa kwetu taka za jiji huishia katika jaa la Gioto, jirani na mtaa uitwao London. Kompyuta iliyoanza kazi katika ofisi ya London ya Uingereza inaweza kabisa kumalizia safari yake katika London ya Nakuru, ambapo watu huokota riziki kwa mikono mitupu katikati ya moshi. Sheria ya mwaka 2022 kuhusu usimamizi wa taka imewapa watengenezaji na waagizaji wajibu wa kufuatilia bidhaa zao hadi mwisho, lakini kila mwaka tunaoongezea mashine umri ni mwaka mmoja ambao haijafika Gioto.

Walimu wenzangu, suala hili lina mahali pake darasani. Shule nyingi za Bonde la Ufa zina maabara yenye kompyuta za umri ule ule, na nyingine zimefunikwa kwa vitambaa zikidhaniwa kuwa zimekufa. Kabla hatujaomba mpya, tuwaite wanafunzi wazifungue chini ya uangalizi wetu, wapime joto, wahesabu milisekunde, waandike makisio ya gharama na kuyatetea mbele ya wenzao. Humo mna fizikia, mna hisabati, mna masomo ya biashara na mna uraia. Mwanafunzi atakayejifunza kuuliza “inaugua nini?” kabla ya “inauzwa bei gani?” atakuwa amepata silaha itakayomfaa akinunua gari, shamba, hata akimchagua kiongozi.

Nanyi wazazi, msiidharau mashine kwa sababu imezoea michezo. Kijana wa Njoro alijifunza kupachika kadi na kusoma wati kwa sababu alitaka kucheza mpira, na hakuna mtaala uliomsukuma. Mpeni kikomo cha fedha, mpeni bisibisi, na mdai maelezo. Usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini mbacha ukishararuka kabisa, usione haya kutafuta mwingine, mradi umeukagua kwa mikono yako mwenyewe.